Mlango wa Nedelya

Mke wangu ni mbunge wa upinzani, na kama ipo kazi ya kumzeesha mtu kwa hasira kuliko hiyo, mimi sijaiona. Nimeendesha basi miaka thelathini kati ya Lom na vijiji vya huku kwetu, barabara zenye mashimo ya kulala nguruwe mzima, na sikuwahi kurudi nyumbani nimechoka kama anavyorudi Zdravka kila Ijumaa kutoka Bungeni Sofia. Anavua viatu, anakaa jikoni na koti lake mwilini, anasema, "Rangel, leo usiniulize." Namuuliza. Ndipo anaanza, na supu inapoa.

Hakuzaliwa na ubunge. Alikuwa mgawa barua. Miaka ishirini na sita alizunguka hapa Orehovnik na vijiji vya jirani kwa baiskeli, baadaye kwa miguu, baiskeli ilipochakaa na posta ikakataa kununua nyingine. Alijua nani hasomi bila miwani, nani ana mbwa mkali, nani anamngojea mtoto aliyeko Hispania na hataki watu wajue kwamba anangoja. Barua ya mahakama hakuitupa kisandukuni akaenda zake. Aliingia ndani, akaomba maji, akasema, "Haya, ifungue nikiwa hapa." Nusu ya wazee wa huku walizijua shida zao mbele ya Zdravka, naye akawaambia la kufanya.

Kisha posta ikafungwa. Eti kijiji kimebaki na watu mia moja na arobaini, hailipi. Wazee wakaambiwa pensheni waifuate mjini, kilomita kumi na tisa, kwa basi ambalo nalo lilikuwa limeshaondolewa. Mimi ndiye niliyekuwa dereva wa basi hilo, kwa hiyo asinieleze mtu. Zdravka akaandika malalamiko, kijiji kizima kikatia sahihi. Baada ya miezi minne likaja jibu kwamba malalamiko yamepokewa. Akaandika tena. Ndipo chama kimoja kidogo, kilichokuwa kinatafuta majina ya kujazia orodha ya wagombea, kikamweka namba tisa, mahali pa kumridhisha mtu tu. Lakini kwetu mpiga kura anaweza kutia alama jina analolitaka, na wazee wa vijiji kumi na viwili wakatia alama kwa mgawa barua wao. Chama kikapata kiti kimoja mkoa mzima, na kiti hicho akakikalia Zdravka. Mwenyekiti wa chama alipompigia simu kumpongeza alimkosea jina.

"Nikifika kule," aliniambia siku ile, "la kwanza posta inarudi."

"Thubutu," nikamwambia.

Miaka miwili ikapita, akawa ameuliza maswali thelathini na moja: posta, basi, daktari anayekuja Jumanne moja kwa mwezi, mikopo ya haraka inayowamaliza wazee. Utaratibu wenyewe ni huu. Unaandika swali, unangoja. Waziri anakuja Ijumaa, wabunge wengi wameshashika njia za makwao, anasoma karatasi aliyoandikiwa na watu wake. Wewe unapewa dakika mbili za kujibu, halafu kipaza sauti kinakatwa. Basi, imetoka hiyo. Posta mpaka leo ina kufuli, na ndani ya dirisha kuna nyuki waliokufa.

Sasa nije kwa Nedelya, maana hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoharibu mambo.

Nedelya ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta, ana miaka sabini na minane. Mumewe Penyo alikuwa fundi wa majiko ya kuni, mtu wa utani, hata jiko letu ni kazi ya mikono yake. Miaka mitatu nyuma paa lao lilianza kuvuja. Penyo akamchukua mkewe hadi mjini, wakatia sahihi karatasi mbele ya mwanasheria, akamnunulia keki, wakarudi. Nedelya alidhani ni mambo ya urithi. Kumbe Penyo alikuwa amekopa leva elfu mbili kwenye kampuni moja ya mikopo ya haraka, akaiweka nyumba rehani. Alilipalipa, kisha ugonjwa ukamwangusha, akaacha. Mwezi wa Oktoba akafariki, na hiyo siri akaenda nayo.

Baada ya mazishi Nedelya hakuweza kulala peke yake mle ndani. Akaenda kwa dada yake Vidin, akaniachia ufunguo na bahasha yenye karatasi za msiba za arobaini: picha ya Penyo amevaa tai, jina, miaka yake, na maneno machache. "Rangel, mwanangu," aliniambia, "nikirudi siku ya arobaini nimkute mlangoni. Ile ya mazishi upepo umeichukua, nisiukute mlango mtupu." Ni desturi yetu, usiulize ilianzia wapi. Mtu akifa tunambandika mlangoni, getini, kwenye nguzo za umeme. Zikifika siku arobaini tunabandika karatasi nyingine, miezi sita nyingine, mwaka nyingine, na hakuna anayeibandua. Inakaa mpaka mvua na jua viimalize vyenyewe. Kijiji kama chetu, ukipita barabarani, wanaokutazama toka milangoni ni wengi kuliko wanaokutazama toka madirishani.

Basi siku moja kabla ya arobaini nikapika gundi ya unga, nikachukua brashi, nikaenda. Zdravka alikuwa Sofia. Mvua ilikuwa inapiga upande. Mlangoni palikuwa na karatasi nyeupe, maandishi madogo madogo. Miwani niliiacha nyumbani. Nikajiambia, hawa watu wa maji tena, wanatangaza kukata maji kana kwamba siku nyingine yapo. Nikapaka gundi juu yake, nikambandika Penyo, nikamlainisha vizuri kwa kiganja asije akafanya mikunjo. Kesho yake Nedelya akarudi, akamkuta, akambusu shavuni. Tukala ngano ya kuchemsha yenye sukari, tukanywa rakia kidogo, pombe yetu kali ya matunda, tukamwombea. Ile karatasi nyeupe ikanitoka kichwani kabisa.

Februari ikaja barua nyingine, hii ya kuletwa na mtu: deni ni leva elfu tisa na mia nne, limeshapita kila hatua, nyumba itapigwa mnada. Nedelya alikuja kwetu ameishika kwa vidole viwili.

"Zdravka, mwanangu, nisomee. Mimi naona imeandikwa nyumba."

Mke wangu aliisoma mara mbili amesimama. Asubuhi yake akaenda kwa dalali wa mahakama mjini, akaomba faili. Ndani ya faili akakuta kwamba karani wa dalali alikuja Orehovnik mara tatu, hakumkuta mtu, na mara ya tatu akabandika notisi mlangoni, kama sheria inavyoruhusu. Toka kubandikwa, mwenye deni anahesabiwa kwamba ameipata, na ana mwezi mmoja wa kupinga. Akipinga, hakimu anaichambua riba ile mstari kwa mstari, na riba za namna ile mara nyingi hazisimami. Asipopinga, deni linakuwa lilivyoandikwa. Nedelya hakupinga. Angepinga nini, na hakujua kitu?

"Nilirudi siku ya arobaini," Nedelya aliapa jikoni kwetu, mkono kifuani. "Mlangoni alikuwepo Penyo tu. Penyo peke yake!"

"Basi karani kadanganya," Zdravka akasema. "Alikaa ofisini na kahawa yake, akaandika amebandika. Ijumaa ya wiki ijayo namtaja mbele ya Waziri wa Sheria, nchi nzima isikie. Tukionyesha notisi haikubandikwa, mwezi wake unaanza upya na nyumba inapona."

Sijamwona na furaha ya vita namna ile tangu aanze ubunge. Wiki ile hakuwa na vikao mpaka Ijumaa, akabaki nyumbani akifanya mazoezi ya hotuba mbele ya jiko alilotujengea Penyo, huku akikoroga maharage. Jumanne nikiwa nimekaa namenya vitunguu, akapandisha sauti: "Tarehe kumi na nne Novemba, Mheshimiwa Naibu Spika, siku tatu kabla ya arobaini ya marehemu, karani huyu anadai..."

Kisu kikasimama katikati ya kitunguu. Siku tatu kabla. Nami nilibandika siku moja kabla. Ile karatasi nyeupe ikanirudia, na muhuri wake pembeni, maana sasa nilikumbuka hata muhuri.

"Una nini?" akaniuliza.

"Vitunguu," nikasema.

Sikumwambia. Nilijiambia nitazame kwanza, huenda kweli ilikuwa ya watu wa maji. Asubuhi nikachukua maji ya uvuguvugu na kitambaa, nikaenda kwenye mlango wa Nedelya, nikaanza kumlowesha Penyo toka pembeni. Gundi yangu ya unga ni nzuri, haiachii hovyo. Nilikuwa nimefika kwenye tai yake mlango ulipofunguka.

"Rangel! Unamfanya nini mume wangu?"

"Bibi Nedelya, subiri nikueleze..."

"Unambandua! Hajafikisha hata miezi sita unambandua! Ndiyo shukrani yako? Jiko lako alijenga nani, mshenzi wewe?" Akanipiga na taulo la jikoni, begani, kichwani, na sikumlaumu. Penyo akaachia, akaja mkononi mwangu kipande kizima, na chini yake ikawa notisi. Muhuri, tarehe, jina la Nedelya kwa herufi kubwa. Ilikuwa imehifadhika vizuri kuliko kitu chochote kijijini.

Zdravka alikuwa ameshatoka nje kwa zile kelele. Akasimama nyuma yangu, akaisoma juu ya bega langu mpaka mwisho.

"Nani alibandika karatasi ya arobaini?" akauliza, na alikuwa anajua.

"Mimi."

"Hukuona kwamba pana karatasi?"

"Niliona. Nilidhani ni ya maji."

"Ulidhani ni ya maji." Alikaa kwenye ngazi, na lile koti lake la Bungeni. "Miaka ishirini na sita sijapoteza barua ya mtu hata moja, Rangel. Hata moja! Na ile ya kumtia mtu barabarani, unaifunika wewe, mume wangu, na gundi yako ya unga, na unaipigapiga na kiganja ikae vizuri!"

Nilitamani anitupie kitu. Hakunitupia. Alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa koti, akapiga simu kwa chama. Huko anashughulika naye kijana mmoja mshauri, Desislav, anavaa suruali fupi isiyofika kwenye vifundo na anazungumza upesi upesi. Zdravka aliweka simu kwenye kipaza sauti chake ili nisikie na mimi, sijui kwa adhabu au kwa nini.

"Nani ameiona hiyo karatasi?" akauliza Desislav.

"Sisi watatu."

"Vizuri sana. Mrudisheni marehemu mahali pake. Hakuna mtu katika nchi hii atakayembandua marehemu. Wewe Ijumaa piga hotuba kama ilivyo."

"Niseme karani kadanganya, na hakudanganya?"

"Mheshimiwa, ni dakika mbili tu. Nani atafuatilia?"

Zdravka akakata simu. Akamgeukia Nedelya, ambaye alikuwa anamkausha Penyo kwa lile taulo alilonipigia. "Mama, sikiliza. Nikisema kweli, nyumba inaweza kwenda. Nikisema uongo, labda inapona, labda watagundua na inakwenda pia. Ni nyumba yako. Sema wewe."

Nedelya alimkunja Penyo taratibu. "Barua zangu zote uliniletea zilivyo," akasema. "Hukufungua, hukuchelewesha. Hata ile ya kifo cha kaka yangu uliniletea ilivyo. Na hii ipeleke ilivyo. Lakini huyu mumeo," akaninyooshea kidole, "asije kwangu tena."

Ijumaa Nedelya alikuja kwetu kutazama Bunge, kwa sababu televisheni yake ilikuwa imekufa. Alikaa kwenye kiti changu. Hakusema na mimi hata neno moja, alisema na televisheni. Ukumbini viti vilikuwa vitupu, walibaki kama watu ishirini, na wawili kati yao wanapiga mihayo. Zdravka akasimama na karatasi zake, kisha akaziweka chini.

"Mheshimiwa Naibu Spika, swali langu liliandikwa likiwa na kosa ndani yake. Nilisema karani hakubandika notisi. Alibandika. Mume wangu ndiye aliyeifunika, kwa karatasi ya arobaini ya marehemu, mume wa huyo bibi."

Wakacheka. Mmoja wa upande wa serikali aligonga meza. Nami nikiwa jikoni kwangu, masikio yalinichoma.

"Chekeni," akasema. "Nani kati yenu hana mtu wake mlangoni? Kwetu hakuna mlango usio na marehemu. Na serikali hii imechagua kuzungumza na wakopaji kupitia mlango. Mimi nilikuwa mgawa barua. Notisi ya mahakama nilimpa mtu mkononi, akatia sahihi, akaniuliza maana yake, nikamwambia. Mmefunga posta, mkamwachia kazi yangu karani na kopo la gundi. Namwuliza Waziri: lini mkopaji atapewa notisi yake mkononi na mtu mwenye mdomo? Na lini mwezi wake utahesabiwa tangu aisome, siyo tangu gundi ikauke?"

"Mwambie!" Nedelya akaiambia televisheni.

Waziri akasimama, akafunga kifungo cha koti. Akampongeza mheshimiwa kwa uaminifu wake. Akasema kwamba, kama alivyokiri mwenyewe, utaratibu ulifuatwa kikamilifu. Akasema wizara haina takwimu za milango iliyofunikwa. Kuhusu ulinzi wa wakopaji, kikosi kazi kimeshaundwa na kinaendelea kukutana. Kuhusu posta, hilo si la wizara yake. Ahsanteni. Akakaa.

"Mheshimiwa Waziri, sikukuuliza takwimu," Zdravka akaanza, akaendelea, akapandisha sauti, na tukamwona anataja jina la Nedelya. Tulimwona tu. Sauti ilikuwa imeshakatwa, midomo yake inacheza, na Naibu Spika anamwita anayefuata, mtu wa swali la mbolea.

"Wamemzima," Nedelya akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema na mimi.

Kesho yake magazeti yaliandika: mbunge akiri mumewe alificha karatasi ya mahakama. Nikawa maarufu dukani. "Rangel, nina bili ya umeme, njoo uifunike!" Nikawajibu kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Lakini hilo nililimeza. Lisilomezeka ni hili: Zdravka alimtafutia Nedelya wakili, wakili akaomba mahakama imrudishie ule mwezi wake, na upande wa kampuni ukaleta karatasi moja tu. Ilikuwa ukurasa wa kumbukumbu za Bunge, maneno ya mke wangu mwenyewe: alibandika. Hakimu akasoma, akakubali kwamba notisi ilifika kwa mujibu wa sheria. Ombi likatupwa.

Zdravka alirudi na ile hukumu mkobani. Hakusema nisimuulize. Alikaa jikoni mpaka supu ikaganda mafuta juu. "Ningesema uongo," akasema mwishowe, "leo ana nyumba." Nikamwambia hapana, wangejua tu. Tulijua sote wawili kwamba wasingejua.

Sasa ilibaki hatua moja: tangazo la mnada. Nalo, kama mambo yote ya watu hawa, lazima libandikwe kwenye mlango wa nyumba inayouzwa, la sivyo mnada haufanyiki. Nedelya alipolisikia hilo aliingia chumbani kwake, akatoka na nakala nyingine ya Penyo, akambandika upya mwenyewe, palepale juu ya notisi. Kesho yake Kiro wa ng'ambo ya barabara akamleta marehemu mkewe, akamweka kushoto kwa Penyo. "Wakae pamoja," alisema, "walikuwa wanapiga soga sana." Siku ya tatu kijiji kizima kikaamka. Kila nyumba hapa ina nakala zilizobaki kwenye droo. Wakaja na baba zao, mama zao, kaka waliokufa migodini, mwalimu wetu wa hesabu, padri aliyetufungisha ndoa mimi na Zdravka. Gundi nilipika mimi, ndoo tatu. Nedelya akanisamehe kwenye ndoo ya pili.

Zdravka alikuwa nyumbani wiki ile, Bunge limepumzika kwa ajili ya Pasaka. Alitazama mikono ameikunja kifuani.

"Hii siyo sheria," akasema.

"Wewe wa sheria nenda Sofia ukakatiwe sauti," Kiro akamjibu. "Sisi tunabandika."

Mke wangu akaingia ndani, akamtoa marehemu mama yake mzazi, akaniomba brashi.

Mlango ukajaa, na nguzo zake, na kuta pande zote mbili mpaka madirishani. Hakuna mtu mzima wa huku kwetu, narudia, hakuna, anayeweza kupaka gundi juu ya uso wa marehemu kwa kujua. Mimi nilifunika karatasi ya mahakama bila kuona. Kumfunika mtu ni jambo jingine. Tulikuwa tumecheka siku ile, tumekunywa, mayai mekundu ya Pasaka tukayagonganisha, kama desturi yetu, pale pale uani. Pakabaki wazi mahali pamoja tu, kulia kwa Penyo, ukubwa wa karatasi moja. Mtu alitaka kumweka shangazi yake pale, Nedelya akamzuia kwa mkono.

"Hapo msiweke mtu," akasema. "Hapo ni pangu."

Hakuna aliyembishia. Nani ambishie mjane?

Jumatano karani akaja. Yule yule. Ni mtu wa makamo, mnene kidogo, mkoba umechanika kwenye mshono, gari lake bovu kuliko langu. Watu walikuwa wamejaa barabarani wanamtazama. Alipofika getini akauona mlango, akavua kofia. Akasogea. Akawatazama mmoja mmoja, na midomo yake ilikuwa inasoma majina. Akamkuta mwalimu wetu wa hesabu.

"Alinifundisha huyu," akasema. "Kumbe amefariki?"

"Mwaka wa tatu huu," Kiro akamjibu, naye akafanya ishara ya msalaba.

Kisha akamwona Zdravka, akaja kumpa mkono. "Mheshimiwa, nilisikia ulivyosema Bungeni. Ungeweza kuniita mwongo, na ningefukuzwa kazi. Nina watoto wawili shuleni. Ahsante."

"Rudi basi na tangazo lako," Zdravka akamwambia. "Andika hapakuwa na nafasi."

"Nitaandika hivyo, kama hapana." Alisema kweli, nilimwona usoni kwamba alisema kweli. Akarudi mlangoni na tangazo lake, akalipima huku na huku, juu, chini, pembeni. Kila alipofika kwenye uso wa mtu aliondoa mkono. Kiro alikuwa ameanza kutabasamu.

Ndipo karani akapaona pale kulia kwa Penyo.

Alipatazama kwa muda. Akatugeukia sisi, kana kwamba anataka mtu amwambie kitu. Akafungua kopo, akapaka gundi taratibu sana, asiguse pembe ya Penyo wala ya jirani yake wa chini. Akabandika. Likaingia pale sawasawa, halikuzidi hata kidogo. Akalilainisha kwa kiganja, akavaa kofia.

"Nisamehe, bibi," akamwambia Nedelya. "Sikumfunika mtu." Akaondoka.

Mimi niliishika ndoo mkononi na sikujua niitupe wapi. Zdravka alikwenda mpaka mlangoni, akavaa miwani yake, akalisoma tangazo lote, kila mstari, kama alivyokuwa akiwasomea watu zamani. Tarehe ya mnada, bei ya kuanzia, ofisi gani, saa ngapi. Aliandika yote kwenye daftari lake la maswali. Nedelya akaja akasimama kando yake, akamtazama Penyo, halafu akaitazama ile karatasi nyingine.

"Haya, mwanangu," akamwuliza, "na mimi sasa mtanibandika wapi?"

Mke wangu, ambaye ana maswali thelathini na mawili sasa, alikuwa ameshika kalamu. Aliishika hivyo hivyo, na hakuandika.